Namna enjio yetu ilivyovuka 2017 hadi 2021 bila kufutwa

Juni 22, 2017 jioni nilikuwa kwenye benchi la ofisi ya mtendaji wa kata, nasubiri muhuri wa barua. Redio ikasema Rais Magufuli, akiwa Chalinze, ametangaza kwamba katika utawala wake hakuna mwanafunzi atakayepata mimba akarudishwa shule. Mtendaji aliacha kutafuta wino, akanitazama juu ya miwani. "Sasa mayu, nyie kazi yenu si ndiyo hiyo?"

Ndiyo ilikuwa hiyo. Shirika letu, katika wilaya moja ya mkoa wa Shinyanga, lilikuwa na watu watano ukimhesabu mlinzi, na wasichana 34 walioacha shule kwa sababu ya ujauzito. Andiko la mradi lilisema wazi kwamba tunawarudisha darasani. Bango la barabarani lilisema hivyo hivyo kwa herufi zinazosomeka ukiwa kwenye basi. Siku chache baadaye waziri wa mambo ya ndani naye akaonya kwamba mashirika yanayotetea wasichana hao warudi shule yatafutiwa usajili.

Kitu cha kwanza nilichofanya sikioni fahari nikikisimulia. Nilimwita fundi rangi akafuta mstari mmoja wa bango. Aliniomba elfu kumi na tano, akamaliza kabla ya saa nne asubuhi, na wasichana walipofika kwa cherehani wakakuta bango lina kiraka cheupe. Hakuna aliyeniuliza.

Usiku ule nilisoma sheria na kanuni zote nilizoweza kupata, jambo ambalo kusema kweli sikuwa nimelifanya tangu tusajiliwe. Nilichogundua ni kwamba kauli ilikuwa ya shule rasmi. Kanuni za elimu za 2002 zilikuwa tayari zinampa mkuu wa shule njia ya kumfukuza mwanafunzi, kwa hiyo huko kulikuwa kumefungwa zamani, tulikuwa tunapenya tu kwa walimu wakuu wenye huruma. Lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba msichana aliyezaa haruhusiwi kujifunza. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo, Mtihani wa Maarifa upo, ule ambao wengi tunauita QT, na ukiufaulu unaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Njia hiyo ilikuwa wazi siku zote. Tulikuwa hatuitumii kwa sababu ni ndefu, na wafadhili hupenda picha ya msichana mwenye sare.

Basi tukabadilisha kazi. Asubuhi ushonaji, mchana hesabu na Kiingereza, watoto wakilala kwenye mikeka chumba cha pili. Kwenye karatasi tukaacha kuandika "waliopata mimba", tukaandika "wasichana walio nje ya mfumo rasmi". Mjumbe mmoja wa bodi, mwalimu mstaafu, alikasirika sana. Alisema tunawaficha watoto kama ndugu zao wanavyowaficha. Tulibishana hadi giza likaingia, na hadi leo siwezi kusema alikosea. Nilimjibu tu kwamba shirika likifutwa Jumatatu, Jumanne wale 34 watakuwa mashambani.

Shida iliyofuata ilitoka upande ambao sikuutegemea, kwa mfadhili wetu wa Ulaya. Walitaka tutoe tamko. Waliandika barua pepe ndefu, ya heshima, wakieleza kuwa kukaa kimya ni kukubali. Mimi nikawaandikia kwamba wao wakitoa tamko wanabaki na ofisi yao, sisi tukitoa tunabaki na barua ya kuitwa. Hawakufurahi, na mwaka uliofuata fungu likapungua karibu theluthi. Tukaachana na gari la kukodi, tukanunua baiskeli mbili.

Halafu zikaja kanuni mpya za NGO za 2018. Fedha ikizidi shilingi milioni 20 uitangaze hadharani, na mkataba na mfadhili uwafikie Hazina na Msajili wa NGO ndani ya siku kumi tangu kuusaini. Siku kumi, kwa mtu aliye wilayani, ni kidogo kuliko zinavyosikika, maana sahihi ya mfadhili yenyewe ilikuwa ikichelewa njiani. Nilijifunza kutosaini mkataba wowote siku ya Ijumaa. Tangazo la gazetini lililamba karibu mshahara wa mwalimu mmoja, na sikuona raia yeyote aliyelisoma. Mwaka 2019 sheria ikabadilishwa tena. Wenzetu waliosajiliwa kama kampuni wakapewa miezi miwili kuhamia sheria ya NGO, na cheti kilichokuwa cha kudumu kikawa cha miaka kumi. Sisi tulikuwa upande salama kwa bahati tu. Aliyetusajili zamani alichagua njia iliyokuwa rahisi.

Nikiulizwa nini kilituokoa, nitasema kaunta buku. La bei ndogo tu, la mistari. Kila barua iliyotoka iliandikwa humo, na aliyeipokea akasaini na kugonga muhuri. Kila kikao tulimpelekea mama maendeleo wa wilaya, yaani afisa maendeleo ya jamii, taarifa kabla na baada, hata kile ambacho hakikuhitaji. Mwanzoni alicheka: "Dada, na wewe umezidi, mpaka ukipiga chafya utaniandikia?" Nikamwambia nitaandika nakala mbili.

Lile buku lilifanya kazi Septemba 2020, uchaguzi wa Oktoba 28 ukiwa umekaribia. Mwezi mmoja nyuma tulikuwa tumesikia akaunti za benki za Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu zimefungwa, na mashirika mengi yakawa yanahesabu pesa kwa hofu. Bodi yetu ilikaa na kuridhia kwa muhtasari kwamba tulipe mapema ada zote za mitihani na kodi ya nyumba. Wiki ile ile wakaja wanaume wawili, wapole kabisa, wakaomba daftari la mahudhurio. Niliwapa. Wakauliza nani ametoa kibali cha kukusanya watu. Nikafungua buku: barua ya Januari, ya Aprili, ya Julai, zote zina mihuri. Mmoja alisoma polepole kama mtu anayetafuta kosa la tahajia. Mwisho akaonyesha kwa kidole wasichana waliokuwa nje.

"Na hizi fulana ni za chama gani?"

Zilikuwa za zambarau. Tulizishona wenyewe mwaka mmoja kabla kwa kitambaa kilichokuwa na punguzo sokoni, na haikutupitia akilini kwamba chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo wangeijaza nchi rangi ile wakati wa kampeni. Nilitoa risiti ya kitambaa, yenye tarehe. Alicheka, na mimi nikacheka, ingawa mikono yangu ilikuwa chini ya meza kwa sababu inatetemeka. Fulana zilikaa kabatini mpaka Novemba. Tangu hapo tunashona za kahawia, rangi ambayo sijaona chama kinaitaka.

Hatukutoka bila hasara. Kati ya wale 34, waliofika kwenye Mtihani wa Maarifa ni kumi na mmoja. Wengine waliolewa, wawili walikwenda mjini kufanya kazi za ndani na namba zao hazipatikani tena. Mwalimu mstaafu alijiuzulu bodi mwaka 2019. Bado tunasalimiana vizuri tu.

Novemba 24, 2021 serikali ilitangaza kwamba waliojifungua wanaweza kurudi shule. Simu yangu haikupumzika siku hiyo, na yule mfadhili aliandika akitupongeza kana kwamba tulikuwa bungeni. Lakini nafasi ilikuwa ya walioacha ndani ya miaka miwili. Msichana wetu wa kwanza kabisa aliacha Machi 2017.

Alipita ofisini jioni akiwa na kitambulisho cha mtahiniwa shingoni, maana mtihani wa kidato cha nne ulikuwa unaendelea na yeye alikuwa anaufanya kwa njia ya kujitegemea. Nilimweleza habari ile. Akahesabu kwa vidole, akafika minne, akaacha.

"Dada, nauli ya kesho ipo? Nimebakiza karatasi mbili."