Ramadhani imerudi kwenye kaskazi

Siku ya kwanza ya mfungo nilipasua tikiti mbele ya watu tisa, ndani likatoka jeupe.

Halikuwa jeupe la kabisa. Kati lilikuwa na wekundu wa mbali, kama kanga iliyofuliwa ikachujuka, na mbegu zake zilikuwa laini, rangi ya maziwa. Adhana ilikuwa imekwisha, tende zimeshaingia vinywani, na kila mkono umeelekea sinia. Binti yangu ana miaka tisa na siku hiyo alifunga kutwa kwa mara ya kwanza. Tangu alasiri alikuwa akiliulizia tikiti. Aliuma, akatafuna, akanitazama, kisha akakimaliza kipande chote bila kusema neno. Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, ndiye aliyetuvusha: "Si neno, lina mayi." Tukaendelea na uji.

Kwa mwingine hili ni jambo dogo. Mimi liliniuma nikakosa usingizi, na sasa tumeingia kumi la mwisho bado linanikaa. Tikiti lile nililingoja miaka 32.

Mwaka 1994 Ramadhani iliandama Februari, kaskazi, upepo wa kiangazi, ikiwa imekolea. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nakaa kwa bibi, Langoni. Wakati ule tikiti lilifika Amu, yaani Lamu, kwa majira yake. Mjomba alilima bara, upande wa kijiji cha Hindi, na siku zake alizihesabu kwa miongo tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua, kumi kwa kumi, kama walivyohesabu wakulima na mabaharia wa zamani wa pwani hii. Vuli ikishika ndipo hutia mbegu. Mvua ikakatika, upepo ukageuka, jua likawaka Januari yote, na tikiti likawivia humo ndani ya ukavu. Mashua zilivuka kutoka Mokowe nayo yamepangwa chini kama farumi, ule uzito wa kutuliza chombo. Kutoka gatini hadi nyumbani yalikuja kwa punda, mawili huku na mawili huku ndani ya shogi, na sisi watoto tukimfuata punda nyuma kana kwamba ni bwana harusi.

Bibi hakuwa na friji. Asubuhi alilitia tikiti kapuni, akalifunga kamba ya usumba wa nazi, akaliteremsha kisimani uani. Tikiti halizami. Nilikuwa nikiinama kuchungulia, naliona mgongo wake wa kijani umechomoza majini kama kasa. Kutwa nzima ya saumu nilikwenda kulitazama, na bibi hakunikataza. Magharibi ikikaribia alilivuta juu, akalifuta kwa upande wa leso yake, akalilaza juu ya jamvi. Kisu kilikuwa hakijafika hata nusu, tikiti limeshajipasua lenyewe, traa, na ufa umetangulia mbele ya kisu. Sauti hiyo naijua hadi leo kuliko sauti za watu wengi niliowahi kuishi nao.

Ilikuwa katika mwezi ule aliponiambia maneno niliyokuja kuyafahamu ukubwani. "Yua lina mwaka wake," akasema, "na mwezi una wake. Hawangojani." Akanieleza kwamba mwakani mfungo utatangulia siku kumi na moja, mwaka wa pili yake tena kumi na moja, na hivyo hivyo utaliacha tikiti nyuma: utaingia kwenye vuli, utaingia kwenye kusi, utaingia masika yenyewe, ndipo urudi tena kaskazi. Alikuwa ameshaiona Ramadhani ya tikiti mara moja kabla ya hapo, akiwa bibi harusi mbichi. Hiyo niliyoiona mimi ilikuwa yake ya pili. "Ya tatu utaila wewe," akasema. Hakulisema kwa huzuni. Alikuwa akikusanya mbegu kutoka sinia huku akizungumza.

Nimekuja kukaa na kalamu nikapiga hesabu, na bibi, ambaye hakuwahi kusomeshwa hesabu na mtu, alikuwa amesema kweli tupu. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, wa jua una 365, na miaka 33 ya mwezi ni karibu sawasawa na 32 ya jua. Tofauti yake haifiki wiki moja. Ramadhani ya mwaka 1414 wa Hijria iliangukia Februari 1994. Ya 1447, hii tunayoifunga, imeangukia Februari 2026. Ya kwanza ya bibi ilikuwa Februari 1962. Alifariki 2019. Mfungo wa mwaka ule ulikuwa Mei, na mvua ya masika ilipiga juu ya paa tangu tulipomwosha hadi tulipotoka makaburini.

Nataka nieleweke. Sisemi kwamba katikati ya miaka hiyo hatukula tikiti. Siku hizi tikiti lapatikana karibu mwaka mzima. Watu wamechimba visima, wamelaza mipira ya kumwagilia tone kwa tone, wanapanda mbegu za chotara kama ile Sukari F1, na tangu barabara ya kutoka Garsen kupitia Witu ilipotiwa lami, malori yanatuletea matunda ambayo zamani yangefika yamepasukapasuka. Nashukuru. Mfungo ulipokuwa Agosti tulikula tikiti, ulipokuwa Mei tulikula tikiti. Lakini tunda lililonyeshewa wakati wa kuwiva hujaa maji na sukari ikazimuka, na majani yaliyokaa chini ya mawingu wiki nzima hayana jua la kupikia utamu. Linapoza koo, halina zaidi ya hilo. Kupatikana si msimu, na mimi nina hakika mtu anayelila Mei na anayelila Februari hawali kitu kimoja, hata kama mbegu ni moja.

Basi mwezi ulipoandama mwaka huu nilikwenda sokoni, pale ubavuni mwa Ngome, nikiwa na furaha ya kitoto. Muuzaji alilipiga kofi mbele yangu, akaniapia. Nikalibeba mwenyewe hadi nyumbani, sikutaka hata kumpa hamali.

Jumamosi moja baadaye nilimchukua binti tukavuka kwenda Hindi, kwa binamu yangu. Shamba la mjomba sasa ni lake. Tulifika mapema, jua halijawa kali, na hilo likawa bahati, kwa sababu kuna kipande alichokipanda kwa kuchelewa na mitikiti yake ilikuwa bado inachanua. Ua la tikiti hufunguka asubuhi na mchana limeshajifunga. Siku yake ni hiyo moja. Nyuki walikuwa kazini. Binamu alimwonyesha binti ua jike, lile lenye kitikiti kidogo shingoni mwake, kama punje ya kunde yenye manyoya, akamwambia nyuki asipolipitia mara nyingi tunda linakua upande mmoja au linaanguka. Ndiyo maana dawa hapigi asubuhi hata siku moja. Hungoja alasiri maua yafunge. Nilipenda namna alivyolisema hilo, kama mtu anayezungumzia wafanyakazi wake.

Kisha akatutia kwenye kipande kilichowiva. Mimi nimekula tikiti maisha yangu yote na nilikuwa sijui kulichagua. Cha kwanza, akasema, usianze na kofi. Tazama kikono kilichojisokota pale pale lilipo tunda: kikiwa kibichi, liache, kikikauka hadi kuwa kahawia, lina habari. Cha pili, ligeuze taratibu uone ubavu uliolalia udongo. Doa likiwa jeupe, bado. Likiwa la manjano ya siagi, sawa. Kofi ni la mwisho. Bichi hulia juu, ting, kama bakuli la kauri. Lililowiva hujibu kwa ndani, bu, kama kupiga kifua cha mtu. Binti alikwenda akipiga moja baada ya moja na sikio ameliweka karibu, na kila mara alifumba macho. Alikosea mara tatu. Baada ya hapo hakukosea tena.

Nikamweleza binamu habari ya tikiti langu jeupe. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba wiki ile ya mwezi kuandama wachuuzi walikuja mpaka shambani na pesa mkononi, kwa bei ambayo mwezi ukifika katikati haipatikani tena, nao walitaka mzigo siku ile ile. Yeye alikuwa na deni la mbegu na dawa, na ada ya mtoto. Alikata kipande kizima zikiwa zimebaki siku kumi na kitu. "Huenda lako lilitoka hapa, dada," akasema. Hakuwa akijitetea.

Sikuwa na la kumjibu. Mtu akiniuliza nani alinikosea, siwezi kunyosha kidole. Ninachojua ni kwamba tikiti likishakatwa haliwivi tena. Embe ukilikata changa utaliweka ndani ya mchele, ndizi utaifukia, papai utalifunga gazeti. Tikiti linabaki vile ulivyolikata, siku kumi zile hazirudishwi popote. Mwezi tuliungoja sote hadi ukaonekana, kwa macho, hatukuusogeza hata usiku mmoja. Tunda la kufuturia ndilo tulilolisogeza.

Kando ya uzio ana mistari michache ya meloni, yale madogo yenye ganda la nyavunyavu na nyama ya rangi ya machungwa, ambayo wanunuzi wake ni hoteli za Shela. Hayo ni watu wa aina nyingine kabisa. Meloni halihitaji mwalimu: likiwiva harufu inakufikia kabla hujaliona, na ukiliinua tu linaachana na kikonyo chake lenyewe. Binti aliyapenda kwa sababu hiyo. Mimi nayaheshimu, lakini binamu anasema yakianza kuwiva yanawiva yote kwa mara moja, na siku ya pili yake ni ya nyani.

Kabla hatujaondoka nilimtolea habari ya chupa. Bibi alipofariki tulikuta kabatini chupa ya mbegu za tikiti, nyeusi, amezifunga kwa kitambaa na uzi. Ni zile mbegu za zamani, tikiti la mviringo lenye michirizi iliyofifia na ganda nene. Binamu alizipanda zote mwaka ule ule. Hakuna iliyoota. Mbegu ya tikiti huhimili miaka minne, mitano, pengine kidogo zaidi ikihifadhiwa vizuri, na hizo hatujui zilikaa muda gani. Na hizi za chotara anazonunua, akipanda mbegu zilizotoka ndani ya tunda lake, zinazozaliwa hazifanani na mama. Kila mwaka lazima arudi dukani. "Mbegu za wageni hizi," akasema.

Hapo nilimpinga. Nilimwambia nilichosoma, kwamba mwaka 2021 watafiti walilinganisha vinasaba vya matikiti ya kila namna wakaona ndugu wa karibu zaidi wa hili tunalolila ni tikiti pori la Kordofan, Sudan, lenye nyama nyeupe isiyo chungu, na kwamba katika makaburi ya Misri ya kale kuna michoro ya tunda la michirizi limewekwa juu ya sinia, na ndani ya kaburi la Tutankhamun zilikutwa mbegu zake. Mbegu imezunguka dunia, ikachanganywa, ikatiwa ndani ya mkebe wa rangi, lakini si mgeni hapa. Binamu aliusikiza mkebe kwa kuutikisa sikioni, akacheka.

Alitupa mawili. Hakutaka pesa, nami nililazimisha. Moja alilichagua yeye, jingine alilichagua binti. Tulivuka Mokowe tumeyashika miguuni ili yasigongane, na kila boti ilipopanda wimbi binti alilikumbatia lake.

Jana jioni tulikata lile la binti. Siku nzima alikuwa ameliweka ndani ya beseni la maji chumbani kwake, kwa sababu nilimsimulia kisima, na friji aliikataa. Mavyaa alikaa karibu. Niliweka ncha ya kisu, nikakandamiza kidogo, na kabla sijafika nusu likasema traa.

Nilisimama vile vile na kisu mkononi. Mavyaa akadhani nimejikata.

Jekundu, lina chembechembe kama sukari guru, mbegu nyeusi ti. Hatukuzungumza. Maganda tuliyatoa nje kwa punda wa jirani, ambaye siku hizi akinisikia nafungua mlango baada ya tarawehe hunyosha shingo. Binti alibaki na mbegu kiganjani akazihesabu, kisha akahesabu jambo jingine kwa vidole, midomo ikichezacheza, mpaka akafika 2058.

"Nitakuwa na arubaini na moja," akasema. "Kama wewe sasa, mama."

Kisha akauliza ikiwa kile kisima cha bibi, kule Langoni, bado kina maji. Nimeuliza asubuhi, kinayo. Kamba ya usumba nimeikosa madukani, nitatumia ya nailoni. Kesho baada ya sala ya alfajiri tunakwenda kuliteremsha la pili.