Usinipite: Ombi la Kipofu Asiyeomba Macho

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu la wiki hii ni Marko 10:46–52, habari za Bartimayo, mwombaji kipofu aliyekuwa ameketi kando ya njia pale Yeriko. Nawasihi muanze kusoma nyuma kidogo, mstari wa 35, kwa sababu katika sura hii kuna swali ambalo Bwana analiuliza mara mbili. Kwanza anawauliza Yakobo na Yohana: "Mwataka niwafanyie nini?" Wao wakaomba viti, mmoja kuume na mmoja kushoto katika utukufu wake. Mistari michache baadaye anamwuliza Bartimayo: "Wataka nikufanyie nini?" Naye akajibu: "Mwalimu wangu, nataka nipate kuona."

Liko jibu jingine ambalo wengi wetu tumeliimba tangu utotoni bila kujua limetoka kinywani mwa nani. Ukifungua Tenzi za Rohoni utaukuta ule wimbo wa Usinipite Mwokozi. Aliyeutunga alikuwa mshairi wa Marekani, Fanny Crosby, na hakuwa akiona.

Alizaliwa tarehe 24 Machi 1820 katika jimbo la New York. Akiwa na wiki sita tu macho yake yaliugua, na mtu mmoja aliyejiita daktari akayakanda kwa dawa ya moto ya haradali. Familia iliamini siku zote kwamba hapo ndipo mtoto alipopoteza uwezo wa kuona. Kabla mwaka haujaisha baba yake akafariki. Mama, Mercy, akalazimika kwenda kufanya kazi katika nyumba za watu, na mtoto akabaki kwa bibi yake, Eunice.

Huyu bibi ndiye anayenigusa kuliko wote katika habari hizi. Alimtoa mjukuu wake nje, akamweleza ndege mmoja mmoja kwa sauti yake, maua kwa harufu yake, na rangi za mbingu jua linapozama. Akamsomea Biblia mstari kwa mstari, mtoto akirudia mpaka aushike. Baadaye mama mmoja Mkristo waliyeishi nyumbani kwake akaendeleza kazi hiyo, sura kadhaa kila wiki. Fanny alipofika umri wa miaka 15 alikuwa amekwisha kuhifadhi Injili zote nne, vitabu vitano vya Musa, Mithali, Wimbo Ulio Bora na Zaburi nyingi. Mtunga Zaburi anasema, "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako." Kwa binti huyu hapakuwa na mahali pengine pa kuliweka.

Mwaka 1835 akaingia shule ya wasioona jijini New York, na baadaye akawa mwalimu hapo hapo. Alisoma mashairi yake mbele ya wabunge huko Washington. Kijana mmoja aliyekuwa karani shuleni, ambaye alikuwa akimwandikia mashairi yake, alikuja kuwa Rais wa Marekani: Grover Cleveland. Watu hupenda sana kusimulia mambo hayo. Mimi naona ni makubwa zaidi kwamba kipindupindu kilipoingia jijini mwaka 1849, Fanny alibaki kuwahudumia wagonjwa.

Aliolewa mwaka 1858 na Alexander van Alstyne, mwanamuziki ambaye naye hakuwa akiona. Walijaliwa mtoto mmoja, akafa akiwa mchanga. Fanny hakulizungumza sana jambo hilo, nasi tuliache lilivyo.

Sasa tuje kwenye ule wimbo. Mwaka 1868 mtunzi wa muziki aitwaye William Howard Doane alimwomba Fanny aandike maneno yatakayoanza na ombi la kumsihi Mwokozi asimpite. Siku zikapita, hakuja na kitu. Kisha akaalikwa kuzungumza na wafungwa gerezani. Inasimuliwa kwamba akiwa katikati ya ibada, mfungwa mmoja alipaza sauti akimsihi Bwana asimpite. Jina la mfungwa huyo halikuandikwa popote, wala kosa lake. Fanny alirudi nyumbani na kilio hicho masikioni, na usiku huo wimbo ukapatikana.

Hebu tafakari hapo. Ombi ambalo leo linaimbwa kwenye mikesha yetu, kwenye misiba, kando ya vitanda vya wagonjwa, lilitoka gerezani. Bartimayo naye hakuwa mtu wa kusikilizwa: "Na wengi wakamkemea ili anyamaze, lakini alizidi sana kupaza sauti." Mwombaji wa Yeriko na mfungwa wa New York wanalia kilio kimoja, na kila mara yupo mtu mwenye heshima zake anayeona aibu kwa niaba yao. Fanny hakuona aibu. Aliichukua sauti ya yule mfungwa akaifanya yake mwenyewe, akaandika kama mtu anayesimama naye sakafuni.

Tazameni pia alichokiomba. Mwanamke huyu alizijua Injili kwa moyo. Alizijua habari za Bartimayo, za kipofu wa Bethsaida na za yule aliyezaliwa kipofu katika Yohana 9. Alijua kwamba Yesu hufungua macho. Akiwa na nafasi ya kuandika ombi la kipofu anayemsikia Yesu akipita, hakutaja macho hata mara moja. Anaomba asikiwe. Anaomba asaidiwe kutokuamini kwake, kama yule baba wa Marko 9 aliyesema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Na wimbo unapofika mwisho anashika Zaburi 73:25: "Ni nani niliye naye mbinguni, wala duniani sina cha kupendeza ila Wewe." Karibu kila anachosema kimetoka katika Maandiko aliyofundishwa na bibi yake. Ndiyo maana naamini ombi lile halichakai. Limejengwa kwa maneno ya Mungu mwenyewe, yaliyokaa muda mrefu ndani ya mtu.

Mhubiri mmoja aliwahi kumwambia kwamba anasikitika kuona Mungu alimpa vipawa vingi akamnyima macho. Fanny akamjibu kwamba kama angeulizwa siku ya kuzaliwa, angeomba azaliwe hivyo hivyo, kwa sababu uso wa kwanza atakaouona utakuwa uso wa Mwokozi wake. Na kuhusu yule aliyemharibia macho, aliandika uzeeni kwamba hakuwahi kumwekea kinyongo.

Nisieleweke vibaya. Bartimayo aliomba macho na akapewa, wala Bwana hakumkemea. Kuomba uponyaji ni haki ya mtoto kwa Baba yake. Lakini kuna jambo linaniuma katika makanisa yetu, nami nalisema kwa upendo. Mara nyingi ndugu asiyeona anaitwa mbele, anaombewa kwa nguvu, na ibada ikiisha hali ikiwa ile ile anaambiwa imani yake ni haba, au ukoo wake una laana. Hilo ndilo swali la wanafunzi lililokataliwa na Bwana: "Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake?" Yesu akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake. Bali kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake." Tunamwambia ndugu yetu Mungu amempita, kisha tunasimama na kuimba wimbo wa mtu asiyeona aliyeamini kwamba hakupitwa. Kama Fanny Crosby angekaa kwenye viti vyetu, je, tungempa kazi ya kufanya, au tungeendelea kumsubiri apone kwanza?

Kazi yeye aliipata. Inahesabiwa kwamba aliandika nyimbo zaidi ya 8,000, nyingi kwa malipo ya dola moja au mbili. Wachapishaji hawakutaka vitabu vyao vionekane vimejaa jina la mtu mmoja, kwa hiyo walimpa majina mengine ya kuandikia, karibu 200, naye hakugombana nao. Fedha alizopata aligawa. Aliishi katika mitaa ya watu maskini wa New York, akawatembelea walevi na wasio na makao katika nyumba za misheni. Wimbo wake wa kuwaokoa wanaopotea, wa mwaka 1869, ulitokana na ziara hizo.

Wasomi wa fasihi hawamweki pamoja na washairi wakubwa wa Marekani kama Walt Whitman, aliyezaliwa mwaka mmoja tu kabla yake, wala Emily Dickinson. Mashairi yake wanayaona mepesi. Pengine ni kweli, maana aliandika ili mtu asiyejua kusoma aweze kushika baada ya kusikia mara mbili. Mhubiri wa Marekani Moody na mwimbaji wake Sankey walizipeleka nyimbo hizo Uingereza katika mikutano yao ya 1873 hadi 1875, wamisionari wakazibeba mbele zaidi, na leo bibi wa kijijini kwetu ambaye hajawahi kusikia jina la Whitman anaomba kwa maneno ya Fanny akiwa shambani. Ule wimbo wa "Ndiyo dhamana", wa mwaka 1873, nao ni wake.

Alifariki tarehe 12 Februari 1915 huko Bridgeport, Connecticut, akiwa na miaka 94. Alikuwa ameagiza asijengewe mnara, ila kama kuna fedha za kumkumbuka zitumike kuwasaidia watu. Jiwe dogo lililowekwa kaburini lilimtaja kwa jina la Aunt Fanny, yaani Shangazi Fanny, pamoja na neno la Bwana kuhusu yule mwanamke wa Bethania katika Marko 14:8: "Ametenda alivyoweza." Miaka kumi baadaye, mwaka 1925, ikafunguliwa katika mji huo nyumba ya kutunzia wazee, kwa jina lake.

Wapendwa, wiki hii tuhifadhi Zaburi 73:23–26. Ni mistari minne tu. Simu zetu zina Biblia nzima, na hiyo ni baraka, lakini naomba mistari hii minne tuishike bila simu. Mwenye watoto nyumbani awasomee jioni, nao warudie, mstari mmoja kila siku kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi, na Ijumaa waiseme yote. Na kama jirani yako yuko mzee ambaye macho yake yamefifia, mpelekee Neno umsomee, kisha umwombe naye akuambie Zaburi anayoikumbuka tangu ujana wake.