Mawese, sabuni na barafu: nilivyofundisha mto wa barafu hapa Kigoma

Nafundisha jiografia sekondari, na Jumamosi nina vijana wa tuisheni nyumbani kwangu Mwanga. Kwa miaka mingi mada ya barafuto, yaani mito ya barafu, nilikuwa naipitisha haraka kuliko zote. Nachora bonde la V, nachora bonde la U, wananakili, tunasonga mbele. Kwenye mitihani walijibu vizuri. Ila siku moja Zuhura akaniuliza, "Mwalimu, barafu si ngumu kama jiwe? Sasa inatembeaje?" Nikajikuta narudia maneno ya kitabu. Iliniuma, kwa sababu swali lake ndilo mada yenyewe. Asiyeelewa kwamba barafu hutiririka, yaliyobaki yote atayakariri tu.

Jumamosi iliyofuata nilianza na godoro la sufi. Likiwa jipya limefura. Ukililalia mwaka mzima linashindiliwa mpaka linakuwa kama ubao. Theluji nayo huanguka nyepesi, imejaa hewa. Mita moja ya ujazo ya theluji mpya mara nyingi haifikishi kilo 100. Pale ambapo joto la mwaka halimalizi kuiyeyusha, ya mwaka unaofuata inaangukia juu yake, na nyingine tena juu ya hiyo. Uzito unakamua hewa, chembe zinashikana, na baada ya miaka mingi mita ileile ina kilo karibu 900. Hiyo ndiyo barafu ya mlimani. Ikifikia unene wa makumi ya mita, uzito wake wenyewe unaanza kuisukuma mteremkoni.

Kwa swali la Zuhura, jibu lilikuwa jikoni. Hapa kwetu kila nyumba ina mawese, na alfajiri za mwezi wa saba yanaganda. Nilichukua kipande cha gata, nikaziba ncha moja kwa udongo, nikajaza mawese yaliyoganda, kisha nikapanga maharage mstari mmoja ulionyooka toka ukingo hadi ukingo. Jaribio la kwanza liliharibika: nililifanya saa sita mchana, mawese yakamwagika kama maji. La pili tulianza saa moja asubuhi. Tukainua ncha iliyozibwa tukaiweka juu ya tofali, tukaendelea na somo jingine. Tuliporudi, mstari wa maharage ulikuwa umejipinda kama upinde. Ya katikati yametangulia, ya pembeni yameshikwa na bati. Hakuna aliyeyaona yakitembea, lakini yametembea.

Hapo nikawasimulia habari ya Uswisi. Mwaka 1827 mtafiti wa huko, Franz Josef Hugi, alijenga kibanda juu ya barafuto ya Unteraar. Mwanasayansi mwingine, Louis Agassiz, alipokwenda kukiangalia mwaka 1839, kilikuwa kimeshuka na barafu zaidi ya kilomita moja. Baadaye Agassiz na wenzake walisimika vigingi kukatiza barafuto hiyohiyo, na vya katikati vikatangulia, sawasawa na maharage yetu. Nikaongeza kwamba barafu haitiririki kwa ndani tu. Mara nyingi chini yake kuna maji kidogo, nayo huteleza juu ya mwamba.

Kazi ya kuchonga niliionyesha kwa sabuni ya mche. Niligandisha maji kwenye kopo katika friza ya jirani yangu, Mama Rama, nikaisugua barafu juu ya sabuni iliyoloa. Sabuni ikalainika tu, ikang'aa. Kopo la pili nililitia mchanga na changarawe chini kabla ya kugandisha. Hilo liliacha michirizi mirefu, yote ikielekea upande mmoja, na vijana wakaipapasa kwa kucha. Barafu tupu haiwezi kukwangua mwamba. Meno yake ni mawe iliyoyang'oa njiani. Na kwa kuwa inajaza bonde lote, inakwangua kitako na kuta pamoja. Ndiyo maana bonde la Teleki kule Mlima Kenya lina umbo la U, tofauti na vijibonde vya V vinavyokatwa na mito.

Ismaili akauliza swali nililokuwa nalisubiri: je, Ziwa Tanganyika lilichimbwa na barafu? Hapana. Letu ni la bonde la ufa. Ardhi ilipasuka na kudidimia, ndiyo maana kina chake kinafika mita 1,470 hivi. Lakini Norwei kuna ghuba ya Sognefjord, yenye kina cha mita 1,300 hivi, na ile barafu ndiyo iliyoichimba. Walinyamaza kidogo, wote wakitazama upande wa ziwa.

Wakati tunabishana, barafu ya kopo la pili ilikuwa imeyeyuka kwenye sinia. Imebaki rundo dogo la mchanga na changarawe, makubwa kwa madogo, pale pale ilipokomea. Nikasema hiyo ndiyo morena. Kilimanjaro nako barafu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, lakini mteremkoni, chini sana kuliko ilipo leo, kuna morena za zamani sana, zinazoonyesha ilikofika.

Nikanyanyua sinia nikaoshe.

"Mwalimu, subiri kwanza," Zuhura akasema, akavuta daftari aanze kuchora.