Nimepiga kura Minneapolis

Jana nimepiga kura kwa mara ya kwanza tangu nipate uraia wa Marekani. Jamani, machozi yalinilengalenga!

Niko Jimbo la 5 la uchaguzi, Minnesota. Kiti chake cha Bunge la Marekani kilikuwa cha Walter Judd wa Republican kwa miaka 20, mpaka Donald Fraser wa Democratic alipomshinda mwaka 1962. Chama hicho hakijakiachia tena. Martin Sabo, mtoto wa wahamiaji kutoka Norwe, alikaa miaka 28. Kisha akaja Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza bungeni humo, aliyekula kiapo 2007 kwa Kurani iliyokuwa ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani.

Na 2018, Ilhan Omar: mzaliwa wa Somalia aliyeishi miaka minne katika kambi ya wakimbizi Kenya. Marufuku ya kuvaa kofia ukumbini, ya tangu 1837, ililegezwa ili aingie na hijabu yake. Wapo majirani wasiokubaliana naye kabisa, na ni haki yao. Mimi mtoto wa Kisauni nilifurahi mno kuliona jina lake kwenye karatasi ya kura.

Ndugu zangu wa hapa mliopata uraia, Minnesota unaweza kujiandikisha siku hiyohiyo ya kura. Beba uthibitisho wa anwani yako.