Mikindani: Mlango Una Sheria, Ukuta Hauna

Harusi iliyonipeleka Mtwara ilikwisha salama, nisiwachoshe nayo. Basi la kutoka Dar lilinivunja mgongo, na chumba nilicholipia kilikuwa na feni ya kupamba dari tu. Kilichonitia hamu ya kuandika ni Mikindani, mwendo wa kilomita kama kumi kutoka mjini.

Bodaboda alinitoza bei ya mgeni, akanishusha chini ya Boma. Wajerumani walilijenga 1895, likaja kuwa gofu, likakarabatiwa, sasa ni hoteli. Nikazama mitaani. Nyumba za matumbawe, nyingine zimesimama, nyingine mti umeota sebuleni. Nilikuwa napiga picha mlango wa nakshi, kijana akanisogelea: "Kaka, unautaka? Tuzungumze."

Sijamjibu, sauti ikatoka barazani: "Wewe! Mlango wa babu yako huo?" Kijana akapotea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Kila mwaka lazima aje mtu kuuliza mlango. Ukuta hawaulizi."

Alisema kweli kuliko alivyokusudia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda mlango wa mbao uliochongwa kabla ya 1940. Kuutoa nchini bila kibali ni kosa. Lakini jengo hulindwa kwa umri wake likiwa la kabla ya 1863. La baadaye lisubiri Waziri alitangaze. Kwa hesabu hiyo hata Boma lile lote, kwa umri peke yake, halimo!

Bibi akanionesha ubavuni mwa nyumba. Mwanawe aliyeko Dar alituma hela, fundi akapiga plasta ya saruji. Masika mbili tu, plasta imevimba na kubanduka mapande, imeng'oa na mawe. Kwetu Unguja ungemkuta mtoto wa mjini anakwambia sababu: matumbawe hunywa maji na kuyatoa, chokaa inayaachia, saruji inayafungia ndani. Kuibomoa nyumba basi? Nyumba ni ya warithi, wengine hawajulikani waliko, na asiyekaa humo hachangii hata bati.

Nikamsimulia Mji Mkongwe. Kuna Mamlaka ya kuuhifadhi tangu 1985, UNESCO wakatuingiza kwenye urithi wa dunia 2000, ukitaka kugeuza dirisha uombe kibali. Nilijisikia natamba kidogo.

"Na chokaa ananunua nani?"

"Mwenye nyumba, bibi."

"Ahaa."

Sikumficha la Beit el Ajaib, jumba la masultani mjini humo, lililoporomoka sehemu kubwa Disemba 2020 huku mafundi wakiwa kazini na watu wakafa. Hilo ndilo jumba lililotazamwa na kila mkubwa. Bado naona bora kibali cha kuudhi kuliko kukosa wa kumwomba, ila nilipomwangalia bibi na ukuta wake nikaona hoja yangu haimjengei kitu.

Nikampigia ami yangu, fundi wa chokaa, nikaweka spika. Akauliza maswali kama daktari, kisha: "Saruji yote itoke kwanza. Yote. Halafu auache ukuta ukauke, asiwe na haraka, ndipo chokaa na mchanga."

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwambie aje mwenyewe. Nauli nitamlipa kwa korosho."

Ami akauliza gunia ngapi.