Siku moja maishani mwangu: kampuni inakua, nami nimo ndani

Saa 1:30 asubuhi. Hata mswaki sijapiga, nimeshasoma meseji za wenzangu wa Singapore. Wametutangulia kwa saa 5, kwa hiyo wakati huu wao wanawaza chakula cha mchana. Hakuna aliyeniagiza nizisome. Lakini ukijua zipo, utazisoma tu.

Saa 3:00. Kukabidhiana kazi. Kuna mteja aliyelalamika jana usiku. Wenzangu wa Singapore wameshatatua nusu ya tatizo lake mimi nikiwa usingizini, naendelea walipoishia. Hili nalipenda kweli. Kwenye kampuni ndogo niliyotoka, mteja wa usiku alisubiri kukuche, basi.

Saa 4:30. Nataka kubadilisha sentensi moja kwenye ankara, inawachanganya wateja. Kampuni ilipokuwa changa ningemgeukia aliyekaa pembeni yangu, tukamaliza. Siku hizi najaza fomu. Idara ya fedha wananituma kwa wanasheria. Wanasheria wanataka orodha ya nchi inakotumika, maana kila nchi ina masharti yake ya kodi. Watu wa usalama wa taarifa wanauliza mbona hawakushirikishwa. Wanasheria wana hoja, sikatai: kosa likiingia kwenye ankara moja, limeingia nchi zote. Ila danadana hii ilianza wiki iliyopita, na sentensi yenyewe ina maneno sita.

Saa 7:00. Nakula mbele ya kompyuta. (Najua, najua.)

Saa 8:00. Nawafundisha waajiriwa wapya. Hapa ndipo ukuaji unaponifaidi: kazi zinaongezeka kuliko watu, kwa hiyo unakabidhiwa jukumu ambalo kwingine ungelisubiri miaka. Tatizo, mabosi nao wanabadilishwa kwa kasi ileile. Huyu wa sasa bado hajaelewa kazi yangu hasa ni ipi, na ndiye atakayeandika tathmini yangu ya mwaka.

Mmoja wa waajiriwa wapya anauliza kuhusu hisa ambazo kampuni inawapa wafanyakazi. Namwambia ukweli: za kwetu unazipata kidogo kidogo kwa miaka 4, na maadamu kampuni haijaingia soko la hisa, kodi ya nyumba hailipwi kwa hisa. Asikubali kupunguziwa mshahara kwa ajili ya hisa hizo.

Saa 1:00 usiku. Paris wanafunga, San Francisco ndio kwanza wanafungua, na kikao kinaanza. Mwenzangu wa Paris ameshaaga. Ufaransa, tangu 2017, sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na kuendelea zijadiliane nao kuhusu haki ya kutosumbuliwa baada ya kazi. Kampuni ni moja, cheo chetu ni kimoja, lakini yeye ana sheria ya kuegemea. Mimi nategemea huruma ya bosi.

Novemba Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma, kikao hiki kitahamia saa 2:00 usiku. Bosi ameahidi tutapokezana, ili nao siku nyingine waamke alfajiri. Aliyemtangulia aliahidi hivyohivyo.