Jinsi Tulivyoitia Mashua Yetu Injini na Sanduku la Barafu

Mashua ya nyumbani kwetu ilijengwa hapahapa Matondoni kwa ajili ya tanga pekee, na ilikuwa na dosari moja iliyotugharimu kila msimu: upepo ulipokatika tulibaki tukipiga makasia juani, na samaki tuliowavua nje ya Manda wakafika sokoni Lamu wamelegea. Niliamua kuitia injini ndogo na sanduku la barafu, kazi yote ifanyike mbele ya nyumba.

Kabla ya kugusa ubao wowote nilitaka kujua uzito utakaa wapi. Injini ya nguvu za farasi 15 ina takriban kilo 36, na ukiongeza tangi la petroli na mtu wa kuiongoza, tezi, yaani sehemu ya nyuma, hulemewa, omo, yaani sehemu ya mbele, huinuka na chombo hukataa kwenda joshi, yaani kuelekea upepo utokako. Kwa hiyo, mashua ikiwa bado majini, nilijaza magunia mchanga, nikayaweka tezini badala ya injini, kisha nikawa nasogeza mengine mbele kidogokidogo huku mwanangu akitazama mstari wa chokaa tulioupiga ubavuni. Sanduku la barafu lilipata mahali pake kwa njia hiyo, mbele kidogo ya mlingoti. Wengi huliweka nyuma ili liwe karibu na mkono, jambo ambalo mimi silikubali.

Kusi lilipochafua bahari tuliipandisha mashua ufukweni kwa maji ya bamvua, yaani maji makuu. Ami yangu, ambaye ndiye fundi, aliugonga ubao wa tezi, ambao ndio ungebeba injini, pande zote akisikiliza mlio, kisha akasema, "Huu si wa kutiwa kiraka, mwanangu. Huu ni wa kutolewa." Mpya tuliuchonga kwa mbambakofi, na pembe zake tukazibana kwa ndani kwa vipande vya mlilana, mkoko uliokatwa kwa kibali, tulivyovichagua vikiwa vimepinda tangu mtini, kwa maana mti ulionyooka ukilazimishwa umbo kwa msumeno hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Injini ilikaa kushoto kwa usukani, ili usukani ubaki kwa safari za tanga, na tangi likawekwa kulia. Injini ya mguu mfupi huhitaji ubao wa tezi wenye kimo cha sentimita 38 hivi: lile bamba lililo juu ya rafadha, yaani panga la injini linalozunguka majini, likae sawa na chini ya chombo au chini yake kidogo, la sivyo rafadha huvuta hewa na injini hunguruma bila kusukuma.

Kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao, ndiyo iliyokula muda. Pamba husokotwa, ikachovywa katika mafuta ya nazi, ikashindiliwa kati ya mbao kwa patasi butu. Ukizidisha nguvu mbao huachana, ukilegeza pamba hutoka baharini. Ami alininyang'anya nyundo mara kadhaa, na sikumlaumu. Sehemu inayozama tuliipaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili kuwazuia funza wa baharini watoboao mbao.

Sanduku lenyewe ni la plaiwudi, lenye povu gumu la sentimita 5 kila upande na faiba kwa ndani. Bomba la kutolea maji tulilipitisha ubavuni, juu ya mstari wa maji, kwa kuwa maji ya damu yakishuka kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo, harufu yake haitoki. Kwa joto letu tunachukua kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki tunayoitarajia, nasi hupanga tabaka la barafu na tabaka la samaki, barafu ikiwa chini na juu.

Petroli ni ghali, hivyo injini huwashwa upepo unapolala au tunapopita mkondo wa Mkanda maji yakiwa kinyume. Nje ya hapo huinuliwa, tanga likapandishwa, na mashua haijapoteza mwendo wake wa zamani.